Mawingu ya Kiholanzi, vilima vya Bukavu

Neema mama,

Huku Doonside tuko wazima. Nyanya yako anakutaja kila tukikaa mezani, lakini Corona imetufungia ndani, na Minto kwenu, mtaa wa mji huu huu, imekuwa mbali kama Kongo.

Unauliza kama kuiga mchoraji wa kale ni kuiba. Ujanani Bukavu nilimsaidia fundi aliyechora mapazia ya studio, yale watu wanasimama mbele yake kupigwa picha. Tulinakili mchoro wa kale uliokuwa kwenye kalenda ya Kiholanzi: nchi tambarare, ng'ombe, mawingu makubwa. "Mchoraji huyu naye alimwiga mwalimu wake," fundi aliniambia. Vilima vyetu vilikuwa pale mlangoni, hakuna aliyevitaka.

Leo navichora kwa kukumbuka. Mawingu yanakuja yenyewe. Vilima vinanishinda, maana sina aliyevichora kabla yangu nimwige.

Nikiviweza, wewe uviige.

Babu yako