Medali ya Tarehe Nane Desemba

Buyenzi, Bujumbura
14 Juni 1999

Kwako dada yangu Mathilde,

Nakusalimu wewe, shemeji Sylvère na watoto wote. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba ile presha yako imetulia. Sisi huku tungali hai, Mungu ametuhifadhi. Risasi tunazisikia kwa mbali, upande wa Kinama, lakini sokoni watu wanakwenda, na mimi nauza ndagala zangu, huko mnaita dagaa, palepale. Nyumba ya Mama kule Kinama imeng'olewa mabati yote. Tangu tukimbie mwaka wa tisini na tano nimerudi mara moja tu, na sikukaa.

Anayekuletea barua hii ni Raihana, jirani yangu anayefuata vitenge huko Kigoma. Atakupa pia kifurushi kidogo nilichokishona kwa kitambaa. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Ndani mna medali ya Mama. Najua umeshtuka. Mama alipofariki mwaka jana nilikuandikia kwamba watu wenye silaha walitusimamisha njiani wakaichukua. Dada, hakuna aliyetusimamisha. Nilipokuwa nikiandika maneno yale, medali ilikuwa shingoni mwangu.

Nilikuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu utoto, na nadhani ulijua. Wewe ulipelekwa sekondari, mimi nikabaki kuanika samaki. Siku ya harusi yako Mama aliitoa medali kwenye sanduku, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akakuvisha mbele ya watu. Siku ya harusi yangu nilimwangalia mpaka tulipotoka kanisani, nikidhani labda ataitoa tena. Alinipa shuka mbili. Hata baada ya wewe kumwachia medali uliposafiri, hakuniruhusu kuishika. Alisema, "Ni ya mwenyewe."

Alipougua nilimwosha na kumlisha miezi minne. Siku ya mwisho alifumbua macho akaniita Mathilde. Nikamwambia, "Mi Léocadie, Mama." Akasema, "Najua. Medali ni ya Mathilde, umupelekee." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, nami sikuyatimiza. Nilijiambia kwamba ilikuwa ya bibi yetu aliyebatizwa wakati wa Wajerumani, kwa hiyo ni kitu cha ukoo, na mimi ni wa ukoo kama wewe.

Mwezi uliopita kile kipete cha juu kinachoshika mkufu kikakatika. Nikaipeleka kwa mzee Hamimu, yule sonara ambaye baba yake alikuwa akiwatengenezea mapadri vikombe vya misa. Nilimwomba aunge kipete, na pia aniambie ni ya mwaka gani. Nilitaka kusikia kwa mtu anayejua kwamba ni ya Bibi.

Aliipima mkononi, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Kisha akasema, "Apana, mama. Hii si ya Wajerumani." Akavuta droo, akanipangia medali nyingine mezani ili nijionee. Moja ilikuwa ya shaba, imetobolewa tundu moja kwa moja juu, maandishi ya Kilatini, imelika. Hiyo alisema ndiyo ya zamani zile. Moja ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi kama ganda, imeandikwa Italia kwa chini. Ya tatu ilikuwa na sura ya Papa na mwaka 1950. Yetu haikufanana na hata moja. Ni fedha safi, na maneno yake kumzunguka Bikira Maria ni ya Kifaransa. Kwenye kipete kilichokatika alinionyesha mhuri mdogo kuliko punje ya ulezi: kichwa cha nguruwe pori. Alisema ndiyo alama waliyokuwa wakipiga Paris kwenye vitu vidogo vya fedha, na waliiacha mwaka wa sitini na mbili. Kwa hiyo imetoka Ufaransa, kabla ya mwaka huo, na haina uzee wa Bibi.

Kisha akaigeuza. Nyuma sisi tulikuwa tunaona mikwaruzo tu. Akapaka masizi ya taa, akafuta taratibu kwa kidole gumba, na masizi yakabaki kwenye michoro. Tukasoma: C.N. 8-12-55.

Mama aliitwa Dative. Bibi hakujua hata kusoma. Hamimu akasema yeye anajua fedha, mambo ya watakatifu niwaulize masista. Siku tatu sikulala vizuri. Nilikuwa na wivu hata na huyo C.N., nisiyemjua, aliyepewa kitu kizuri hivyo.

Nikaenda Kibenga, kwenye nyumba ya masista wazee. Kuna mmoja anaitwa Sista Birindwa, mtu wa Bukavu, alifundisha wasichana Gitega miaka mingi. Nilipoiweka kiganjani mwake hakuhitaji kioo. Alisema hii ni medali ya Watoto wa Maria, walikuwa wakipewa wasichana wakubwa wa shule wenye mwenendo mwema, na utepe wa buluu, kila tarehe nane Desemba. Mwaka ule walikuwa kumi na mmoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafunga tepe. Akaniuliza, "Consolate alikuwa nani yako?"

Consolate Nduwimana. Mama mdogo, yule ambaye Mama alikuwa akimtaja Novemba tunapowaombea marehemu, na tukiuliza anasema alikufa kijana.

Sista alinieleza polepole. Mwaka uliofuata Consolate alionekana ana mimba, akafukuzwa. Sheria ilikuwa msichana wa namna hiyo anyang'anywe medali. Sista alitumwa kuichukua, akarudi akasema haikuonekana. "Nilidanganya," akaniambia, "na mpaka leo sijaungama." Dada yake mkubwa alikuja kumchukua, mwanamke aliyeolewa miaka mitatu bila mtoto. Consolate alijifungua mtoto wa kike Machi 1957, akafa siku ya pili. Dada yake akamchukua mtoto na medali.

Dada, wewe ulizaliwa Machi 1957.

Najua ninachokuandikia. Niliwaza nikufiche, lakini nimekwisha kukuficha mengi. Wewe ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo ni dada, hakuna neno jingine. Lakini nitasema na ubaya wangu wote. Sista aliponiambia, kwanza nilifurahi. Nilitoka pale nikitembea haraka, nikisema moyoni kwamba Mama alikuwa wangu peke yangu. Sijafika kituo cha basi furaha ikaisha. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akikutazama, na nikaona kwamba umependwa na mama wawili, mmoja akikupenda na kwa niaba ya mwenziwe. Wivu ukarudi mpya kabisa. Kipete Hamimu amekiunga. Medali ni yako, nisamehe.

Bado kuna jambo moja. Sista alinipa picha ya wale wasichana kumi na mmoja, wamevaa nyeupe. Nilimtafuta Consolate kwa kutafuta sura yako, sikumwona. Sista akaniwekea kidole. Mathilde, ni mimi kabisa. Paji langu, mdomo wangu, hata masikio. Wewe labda umefanana na huyo baba asiyetajwa.

Picha hiyo sikuiweka kwenye kifurushi. Ni ya mama yako, ni haki yako, na safari hii nakuambia wazi kwamba ninayo. Njia ikitulia, njoo uichukue mwenyewe. Miaka mitano hatujaonana, na ukitaka kujua mama yako alikuwaje, itabidi unitazame mimi.

Nisalimie watoto mmoja mmoja, na umwambie shemeji ndagala zake nimempa Raihana. Ukikasirika, niandikie hivyo hivyo kwa hasira, nitasoma.

Ni mimi mdogo wako,
Léocadie