Sanduku la Makufuli Matatu

Namalenga, 14 Januari 2024

Mwanangu Violeth,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, na kifua cha mama yako kimepoa. Huko kazini wanakutendea vizuri? Barua hii anakuletea Benedikta, anayerudi huko baada ya likizo.

Nina jambo linanikosesha raha. Tangu mwezi ule wewe ulipoondoka kwenda kazini, ufunguo wangu wa sanduku la kanisa haupo msumarini. Sanduku unalijua: gogo moja lililochimbwa, makufuli matatu, ufunguo mmoja kwa Padre, mmoja kwa Mzee Leodegar, mmoja kwangu, lisifunguke mpaka tusimame wote watatu. Vitabu vya ubatizo vimo humo. Bupe rafiki yako hawezi kufunga ndoa mpaka jina lake lionekane. Padre anasema baada ya Pasaka litavunjwa.

Nimejiuzulu uzee wa kanisa. Nikipita, watu wananyamaza. Hukuuona popote?

Baba yako

*

Qurum, Muscat, 21 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Mama naye hajambo? Barua yako nimekaa nayo miezi mitatu.

Wiki iliyopita bosi wangu, Bi Khawla, alirudi safari ya Uingereza akanionyesha picha za kanisa la kijijini, la miaka mia saba. Baba, ni letu kabisa! Kuta nene, madirisha yaliyochongoka juu, birika la ubatizo la jiwe palepale mlangoni, ule uzio wa mbao wa kuchonga mbele ya kwaya, hata benchi la mawe ukutani wanapokaa wazee. Nilifurahi, nikamwambia wamisionari walitujengea kama kwao, nami nimekulia humo. Kisha ikaja picha ya sanduku. Akauliza, "Na lenu nalo lina makufuli matatu? Funguo anaziweka nani?"

Nikasema baba yangu. Nikaenda jikoni nikalia.

Ufunguo ninao mimi. Nilimdanganya wakala wa kazi za huku kwamba nina miaka ishirini na nne, maana wadogo hawachukuliwi. Akasema huenda wakauliza kanisani, nikaogopa kitabu kitafunguliwa, nikauchukua. Nimekuvua heshima yako, Baba, naona haya hata kuandika. Benedikta atampa barua hii na ufunguo mtu anayekuja huko nyumbani. Waambie ni mimi.

Mwanao Violeth

*

Namalenga, 27 Mei 2024

Mwanangu,

Hatujambo, mama yako anakusalimu. Ufunguo umefika. Sanduku lilikuwa bado halijavunjwa, maana fundi alilionea huruma akawa anapiga chenga.

Padre aliniita mbele ya watu wote akauliza niliuona wapi. Nilikuwa nimeshika barua yako mfukoni. Nikasema, "Ndani ya koti langu la zamani." Watu wakapiga makofi. Wamenirudishia uzee wa kanisa. Bupe ataolewa Juni.

Kitabu kilipofunguliwa nilikutafuta. Umebatizwa 2005, mwandiko wa Padre wa zamani. Mtoto wa miaka kumi na tisa, unapiga deki kwa watu.

Mama yako hajui, na wewe usimwambie mtu. Jumapili tatu sasa, wenzangu wakienda altareni kupokea komunyo mimi nabaki nyuma, karibu na birika. Padre anadhani ni goti. Ananiambia nije kuungama kama nina neno. Siwezi kuungama bila kukutaja.

Baba yako