Jina ya Mbuzi ya Mama

Yaya Furaha, muko je huko kambi ya Dzaleka? Huku Lilongwe baridi inaluma.

Leo, pa Area 47, nilionyesha bafundi ba programu ile kazi yangu: nyimbo na video zinatoka ku simu moja zinaingia ku ingine, bila mutu wa katikati. Bote balipiga makofi, isipokuwa bwana moja wa koti. Tulipokula nsima, ile ugali ya huku, na samaki, akanikaribia: «Kule kambini, banani banaitumia? Nipe majina.» Nikamuambia samaki iko na miiba, ngoja nimeze. Nilipotoka kunawa mikono, nikamukuta ameshika simu yangu, anaangalia video yako ya kwaya, ile tuko bote tunaimba.

Njo maana nakuandikia ku karatasi. Mutu akikupigia anasema ni mimi, muulize kwanza jina ya mbuzi ya mama, ile ya kwetu Uvira. Nakukumbatia, yaya. Siku hizi kompyuta inaiga mutu: hata ukiona ni sura yangu, ukasikia ni sauti yangu, uliza tu.

Mudogo wako,
Amani