Fimbo Zimeng'olewa Torunn Akiwa Mlimani

Gunnvor, unajifanya huoni, kama mwaka juzi mumeo alipong'oa mapema fimbo za kuonyesha njia thelujini, ukanyamaza.

Leo mchana kazing'oa tena, ati baridi inaisha. Mdogo wangu Torunn alikuwa bado juu mlimani kwenye theluji.

Ukungu ulipomfunika akageuka, maana sote tumelelewa tukifundishwa kwamba kugeuka mlimani si aibu. Akashuka akizitafuta fimbo, asione hata moja. Akanipigia: "Dada, nimetii, nimegeuka. Mbona njia haipo?" Simu ikakatika.

Kageuka, na njia haipo.

Mumeo Eldar nimemkuta anakunywa kahawa. "Mwenye akili gani angepanda leo, bibie?"

Waokoaji wanasema helikopta haiwezi kuruka kwenye ukungu huu. Pikipiki ya theluji iko kwenu, ufunguo unao wewe. Iwashe sasa hivi, umfuate Torunn.