Kitabu Kimekosea

Shoga, nimejifungia chooni. Usicheke.

Mjukuu wangu wa kike kaniletea swali la pembetatu: kitako sentimita nane, kimo tano, eneo ni ngapi? Nikajibu palepale, "Arobaini!" Nane mara tano si arobaini?

Kafungua majibu ya nyuma ya kitabu. Ishirini.

"Bibi, nani kakosea, wewe au kitabu?"

Nikasema kitabu. Na mvi zangu zote hizi, nikasema kitabu!

Sasa yuko mlangoni. "Bibi, kesho nasimama darasani namwambia mwalimu kitabu kimekosea. Nitasema bibi yangu ndiye kaniambia."

Watamcheka mtoto wa watu! Nimemtegea kitendawili aondoke, kakitegua kabla sijamaliza.

Shoga! Hapa ukutani kuna kigae kimepasuka kutoka kona hadi kona. Pembetatu mbili zinazolingana! Kumbe kila moja ni nusu ya kigae. Nusu ya arobaini!

Nimetoka. Nikamwambia, "Mama, aliyekosea ni mimi."

Kafuta arobaini, kaandika ishirini. Kisha kavuta kiti cha pili. "Haya kaa, Bibi. Yamebaki maswali tisa, yote ya pembe."

Nakuandikia huku anachonga penseli. Mbili.