Mji Umekataa Maji ya Chumvi

Garsen,
Kaunti ya Tana River.
Jumamosi, 15 Novemba 2025.

Mpendwa Kaka Suleiman,

Assalaam aleikum. Juzi Alhamisi, Mhandisi Jasper, msemaji wa mradi wa majitaka wa ule mji mpya unaopangwa pwani, aliuambia mkutano hapa Garsen kwamba vyoo vya mji huo vitatumia maji matamu ya Mto Tana, si maji ya bahari.

Najua barua haianzi hivyo. Nimetanguliza habari kwa sababu inakugusa wewe na Mama pia. Sasa nakujulia hali inavyotakiwa. Wewe, shemeji Hodan na watoto hamjambo huko Hong Kong? Baridi imeanza? Mimi ni mzima, na kazi ya redio inaendelea. Mama ana nguvu za mwili. Mengine yake nitakueleza.

Jasper hakusema uongo. Alisema chumvi hula mabomba na pampu, na ikifika kwenye mabwawa ya majitaka huvidhuru vijidudu vinavyoozesha uchafu. Tena kila nyumba ingehitaji mabomba ya namna mbili, la kunywa na la choo. Maji yatachotwa mtoni, juu ya Garsen. Niliripoti hivyo hivyo.

Mfugaji mmoja, Jatani, aliinua fimbo yake. "Bwana Injinia, ng'ombe wangu akishuka kunywa kule chini, anarudi ananitazama kama mimi ndiye niliyetia chumvi. Leo nimwambie nini? Kwamba yale matamu yamekwenda chooni?" Ukumbi ulicheka, Jasper naye akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimetoka nyumbani Ozi, kwa Mama, siku iliyotangulia.

Mama alitaka usiambiwe ya Ozi. Sasa ameniruhusu.

Unakumbuka tunavyomwagilia. Bahari ikijaa husukuma mto urudi juu. Maji matamu hutangulia, ya chumvi hufuata nyuma. Mama huonja mdomoni mwa mfereji. Akisema "tamu", mashamba yote ya mstari wetu hufungua matuta. Akisema "basi", wote hufunga. Tangu Baba afariki hakuna aliyefungua kabla ya Mama kusema.

Mwezi wa nane aliugua homa. Ilipomwacha iliondoka na ladha. Hakumwambia mtu, alidhani itarudi. Sisi tulipokula samaki wake hana chumvi tulimsifu kwamba hatimaye anamsikiliza daktari wa presha.

Likaja bamvua la mwezi wa tisa, siku zile bahari inapojaa kupita kawaida. Mpunga ulikuwa umeanza kushika punje. Mama alionja, akasema tamu. Wote wakafungua. Hiribae, jirani yetu wa shamba la chini, aliinama kunawa uso, maji yakamwingia mdomoni, akapiga kelele wafunge. Yalikuwa yamekwisha kuenea. Wiki ile ile majani yalikauka kuanzia nchani. Mstari mzima haukuvunwa.

Nataka uelewe sawasawa: mradi wa mji haukuua mpunga huo. Haujachimba hata shimo. Mto ulikuwa umepungua kwa ukame, na bahari ikapata njia. Ninachosema ni kwamba mto huu hauna maji ya kugawa. Ukipunguzwa tena, hata mwenye ulimi mzima hatakuwa na cha kuonja.

Hiribae hakumlaumu. Asubuhi moja nikiwa uani kwa Mama nilimwona anakuja na kikombe cha maji ya mto, kama alivyozoea.

"Mama Suleiman, onja."

"Ulimi huu umekuulia mpunga, Hiribae. Wataka ukuue na wewe?"

"Mpunga ukifa hupandwa mwingine. Wewe nikikupoteza, nitakupanda wapi?"

Mama aliingia ndani akafunga mlango. Kikombe kilikaa kizingitini hadi jioni.

Tangu hapo hajakanyaga shamba. Mbegu aliyoihifadhi juu ya jiko, ile ya Baba, amempa Hiribae yote. Safari hii alinipa kijiko cha mchuzi nimwonjee, na nilipokuwa naonja aligeukia ukutani.

Sasa nina ombi. Mama husimulia kila mtu kwamba huko kwa mwanawe vyoo husukumwa kwa maji ya bahari. Hiribae humjibu, "Mwanao anakutania." Wewe ndiwe unayetengeneza mabomba hayo. Nieleze ni ya aina gani, hudumu muda gani, na majitaka yenye chumvi husafishwaje. Usipambe. Ikiwa hasara ni kubwa kama asemavyo Jasper, sema hivyo pia. Kikao cha mwisho cha maoni ni Alhamisi ijayo, tarehe 20, saa nne asubuhi. Barua hii nakutumia picha yake kwa simu, maana posta haitawahi. Nawe nijibu kwa simu. Nitalisoma jibu lako mbele ya Jasper. Sikuahidi kwamba atabadili neno.

Dada Ubah wa Kipini anakusalimu. Hiribae anakusalimu, na anauliza kama kweli hukutania. Mama anakusalimu, na anasema usijisumbue kutuma dawa. Nibusie watoto. Mungu akuhifadhi ugenini, akurudishe nyumbani ukiwa bado unaujua utamu wa chakula chetu.

Limebaki moja. Mama amesema hatapanda tena, na mwisho wa mwezi atahamia kwangu Garsen. Lakini Hiribae amekataa kuingiza maji shambani mpaka neno litoke kwa Mama. Basi wamekubaliana. Bamvua lijalo ni Ijumaa, siku moja baada ya kikao. Mimi ndiye nitakayeonja, mimi niliyezoea maji ya bomba, na Mama atasimama mbele yangu anitazame uso. Anasema alitulisha sote kwa mkono wake, uso wangu hautamficha kitu. Kisha atasema yeye, tamu au basi, kwa mara ya mwisho.

Ijumaa tarehe 21, kabla ya maji ya alasiri kujaa, nitakuwa naye mferejini.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Komora.