Vigingi Tulivyoambiwa Tulinde

Isingiro, Karagwe,
11 Novemba 1951

Mpendwa kaka yangu Mwesigwa,

Shikamoo kaka, na shikamoo nyingine kwa ajili ya barua yako ya Pasaka ambayo sijaijibu mpaka leo. Habari za Mwanza, na kile kifua chako kinaendeleaje? Wifi Verdiana ameshazoea dagaa, au bado anaona wanamtazama kutoka sahanini? Sisi miili ni mizima. Ugonjwa wetu uko kichwani, na ndio ninaotaka kukueleza, maana hapa kila ninayemweleza anao.

Kiangazi alipita Mzungu mmoja na watu wa kuvuta mnyororo, wakapigilia vigingi vilivyopakwa chokaa. Kimoja kimesimama ndani ya kibanja chetu, kati ya migomba ya mama mkwe na kaburi la baba mkwe. Hawakusema neno. Baadaye akaja tarishi, mtu wa pwani, Kiswahili chake safi mpaka hakieleweki. Akasimama mbele ya mkungu wetu Placidius (mkuu wa kijiji, si mkungu wa ndizi, ingawa wa ndizi una faida zaidi), akasema, "Lindeni vigingi hivi," akapanda baiskeli akaenda zake.

Najua wewe uliyekaa ugenini umeshaanza kucheka. Kwa lugha yetu kurinda ni kungoja, na ulimi wetu haujawahi kugombana na ra wala la. Placidius akatangaza kwamba serikali imesema tungoje. Basi tukangoja.

Tungoje nini? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Gaudiosus muuza chumvi alisema chini yetu kuna bati, tutafukuzwa lichimbwe. Wengine wakasema barabara. Mume wangu Mutalemwa alichagua mbung'o, kwamba tutahamishwa sote kwa ajili ya mbung'o. Nikamwambia hapa sijaona hata mmoja. Akasema ndiyo maana, wanatuhamisha kabla hawajafika. Mtu wa namna hiyo utambishia kwa lipi?

Tangu hapo kazi ikafa. Ukimwambia paa linavuja, anakuuliza, "Paa la nani? Ngoja kwanza." Ukitaja mbegu za maharage, "Upande umwachie nani?" Wanaume wakawa wanakutana asubuhi kujadili vigingi kwenye rubisi. Hiyo pombe ya ndizi ndiyo kitu pekee ambacho hakuna aliyesema kingoje.

Mimi nami niliogopa, sikufichi. Nikichota maji nawaza kesho tutachota wapi, na kama huko watoto watakubaliwa. Lakini hofu yangu imeshika jembe, kaka. Ya Mutalemwa imekaa kwenye kigoda na inataka iletewe chakula.

Mvua zikaanza, mbegu zikiwa bado chunguni. Ndipo akatoa shauri lake: auze ng'ombe wetu, tuvuke mto sote twende Buganda tukafanye vibarua, tuhame wenyewe kabla hatujahamishwa. Mama mkwe Kokubanza akamjibu, "Nenda, mwanangu. Mimi mume wangu nimemlaza hapa, simwachii kigingi." Hawajasemezana vizuri tangu siku hiyo, na anayepeleka maneno huku na huku ni mimi.

Wiki iliyopita yule tarishi alipita tena, na mpira wa baiskeli ukatoboka karibu na kwetu. Nikampa ndizi za kuchoma, nikamwuliza, "Bwana, tutangoja mpaka lini?"

"Mnangoja nini?"

"Si ulisema turinde?"

"Nilisema mlinde. Mbuzi wasiving'oe, watoto wasivichezee. Nani aliwaambia msilime?"

Nikamwuliza basi vigingi vyenyewe ni vya nini. Akameza kwanza. "Hilo hata mimi sijui, mama. Niliambiwa niwaambie mlinde."

Nikaenda mbio kwa Mutalemwa. Nilidhani atacheka, au angalau ataona haya. Akasema, "Kama vinalindwa, basi jambo ni kubwa kuliko nilivyofikiri." Nilitafuta kitu cha kumrushia, kilichokuwa karibu ni chungu kizima, nikakihurumia chungu.

Sasa kaka, kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mutalemwa anakuheshimu wewe shemeji yake kuliko anavyoniheshimu mimi, labda kwa sababu uko mbali. Mwandikie asiuze ng'ombe. Usimwambie hakuna la kuogopa, hatakuamini, na mimi mwenyewe sijui kama ni kweli. Mwambie tu kwamba Buganda nako kuna kesho, na kesho ya huko hatuijui vilevile, tena huko hatuna hata mgomba.

Majibu yako sikuweza kuyangoja. Neno hilo limenichosha. Jana mimi na mama mkwe tumepanda maharage yote, ingawa tumechelewa, na machipukizi ya migomba mpaka ukingoni mwa kaburi. Maharage huiva upesi kuliko serikali inavyoamua. Mutalemwa alisimama pembeni, mikono nyuma, akauliza tunampandia nani.

Mama yake hakuinua kichwa. "Atakayekuwa na njaa."

Akaondoka. Alirudi na jembe, lakini alilima upande wake, kama mtu aliyelazimishwa na mvua. Ng'ombe bado yupo zizini leo ninapoandika. Kesho sijui, kwa hiyo andika upesi. Wakituhamisha, watatuhamisha tumeshiba.

Msalimie sana Verdiana na watoto. Kokubanza anakusalimu, na Natukunda wangu anauliza kama ziwa lina mlango. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akituliza kifua chako na vichwa vyetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Kyomugisha